Mkweche Usio na Paa

Siku Mjomba alipokata paa la ile Beetle, milango ilikataa kufunguka.

Nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi moja ya Machi 2022, kwenye kiwanja chake cha kazi pale Soweto East, upande unaokaribia Mbagathi Way, ambapo ukipanda juu ya tairi lolote unaziona ghorofa za Nyayo Highrise. Grainda ilikuwa imenyamaza. Vijana wanne walilinyanyua paa, wakalilaza chini kama sufuria iliyopinduliwa, na sote tukapiga makofi. Halafu Mjomba akashika kitasa cha mlango wa dereva, akavuta. Wapi. Akazunguka upande wa pili, akavuta tena. Wapi. Gari lilikuwa limezama katikati, upana wa kidole tu, lakini kidole hicho kilitosha kuibana milango kwa juu kama mdomo uliofumbwa kwa hasira.

"Hii kitu imevunjika mgongo," kijana mmoja akasema.

Mjomba alikalia betri kuukuu, akavua kofia. Alikuwa na miaka 56, na nusu ya miaka hiyo alikuwa amejenga bodi za matatu kule Industrial Area. "Hii nilijua," akaniambia. "Nilijua kabla uzaliwe. Ni furaha tu imenisahaulisha."

Nimesoma historia chuoni, na ya magari nchini Kenya niliyokutana nayo ilikuwa zaidi ya watu walioyaleta: walowezi, makampuni, viwanda vya kuunganisha magari vya Thika, Mombasa na Nairobi vilivyoanza miaka ya 1970. Waliobaki nayo baada ya kuzeeka hutajwa kwa jumla, kama vile unavyosema mvua au vumbi. Kwa hiyo niruhusu nianze na gari moja ambalo mwaka huo lilikuwa karibu kuuzwa kwa kilo.

Ilikuwa Volkswagen Beetle ya 1969. Ilikuwa imeoza nyuma ya nyumba moja Karen, mwenyewe alishafariki, watoto wakaita mtu wa skrepu aje aiondoe. Mtu wa skrepu akaivuta hadi kwake akiwa tayari amepiga hesabu ya chuma. Kisha tarehe 20 Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, kwa sababu ya watu waliokuwa wakikata milingoti ya umeme. Amri hiyo ilikuja kuondolewa Mei. Katika miezi hiyo ya katikati, yule jamaa alikaa na mzigo asioweza kuugusa. Ila ndani ya droo ya Beetle kulikuwa na logibuku, imeliwa na mende pembeni, namba bado zasomeka. Hiyo logibuku ndiyo iliyoiokoa. Bila karatasi ilikuwa skrepu, na skrepu haiuzwi. Pamoja na karatasi ilikuwa gari. Mjomba alilipa elfu kumi na nne, akakodi mkokoteni na vijana sita, wakaisukuma hadi Soweto usiku.

Sisi tuliibandika jina Mende, kwa sababu ya hiyo logibuku na kwa sababu ya mgongo wake.

Huenda wewe uliyezaliwa wakati wa Vitz na Probox hujui Beetle ilikuwa nini hapa. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo magari makubwa kuliko hilo yalikuwa yakizama kwenye matope. Injini yake iko nyuma na inapozwa kwa hewa, hivyo hakuna rejeta ya kuchemka ukipanda Limuru. Na kwa fundi, siri yake kubwa ni hii: bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yenye uti wa mgongo katikati. Fungua bolti, nyanyua bodi, na ulichobaki nacho chini kina magurudumu, stelingi, gia na injini, kinaweza kutembea chenyewe. Katika miaka ya 1960 Bruce Meyers wa California alilitumia wazo hilo kuunda gari la mchangani, akafupisha ile sakafu na kuivalisha bodi ya faiba. Kabla yake, vijana wa huko huko walikuwa wakinunua Ford kuukuu za miaka ya 1920 na 1930, wanazivua madiga na kila kilo isiyo na kazi, wanakwenda kukimbizana kwenye maziwa makavu. Walichopenda zaidi ni rodista: gari la wazi la watu wawili, lisilo na paa wala haya.

Mjomba hakumjua Meyers. Rodista aliijulia Ngong Road.

Kutoka kwetu hadi Ngong Racecourse ni mwendo wa mguu, unakatiza Kibera yote na kutokea Jamhuri. Kila mwaka, Jumapili moja ya Septemba, wenye magari ya zamani hukutana pale kwa Concours d'Elegance. Ukipata nafasi nenda, hata kama ni kucheka tu. Watu wazima waliovaa suti hulala chali chini ya gari, wanatafuta tone la oili kwa kitambaa cheupe. Injini hutolewa alama, viti hutolewa alama, hata tumbo la gari hutolewa alama. Miaka ya 1990 Mjomba alifanya kazi kwenye gereji moja mjini iliyokuwa ikitayarisha MG ya mteja, ndogo, nyekundu, ya wazi. Alinyoosha bodi miezi mitatu. Alikata upande mzima uliooza, akatengeneza mwingine kwa nyundo na mfuko wa mchanga. Siku ya mashindano alipanda jukwaani, akashuhudia gari likipata kombe. Mwenye gari akashukuru familia yake, akashukuru wadhamini. Basi.

"Hakukosea," Mjomba husema akiisimulia. "Fomu haina mahali pa kuandika aliyenyoosha." Lakini huisimulia mara nyingi mno kwa mtu ambaye hakuumia.

Alijifunza kazi Grogan. Ramani inasema Kirinyaga Road, lakini fundi yeyote atakwambia Grogan, jina la mlowezi Ewart Grogan, na utani wa mji ni kwamba saidi mira ikipotea asubuhi utauziwa pale jioni. Ufundi wa chuma wa Nairobi ulipitia karakana za Wahindi, baadhi yao wakiwa kizazi cha mafundi walioletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia 1896. Vijana Waafrika waliingia kama wabeba nyundo, wakatazama, wakatoka na ujuzi kichwani, wakaenda kufungua zao chini ya mti. Msomi Kenneth King aliwafuatilia mafundi wa namna hiyo kwenye kitabu chake cha 1977, kisha miaka mingi baadaye akawarudia kuona wamefika wapi, kwenye kitabu cha 1996. Kati ya vyote nilivyosoma, hivyo viwili ndivyo vilivyonifanya nihisi kwamba mwandishi amewahi kushikwa na moshi wa kuchomelea.

Serikali na wakubwa wa dunia nao walikuwa wakitafuta jina la watu hao. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliandika ripoti juu ya ajira Kenya, na ripoti hiyo ikalisambaza kila mahali neno "sekta isiyo rasmi". Wenyewe walikuwa na jina lao tayari: jua kali. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, ambako chuma hugongwa kuanzia asubuhi hadi giza, akaahidi vibanda vya kuwakinga na hilo jua. Vilijengwa, vikaitwa vibanda vya Nyayo.

Halafu, mwaka 1986, Moi huyo huyo akatoa changamoto: Kenya itengeneze gari lake, hata kama litakuwa baya na la polepole. Changamoto ilikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi. Wahandisi walifanya kazi kweli, karakana ya reli ikasaidia, magari matano ya mfano yakakamilika, na Februari 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa Kasarani. Shirika likaundwa kuyatengeneza kwa wingi. Pesa hazikuja. Mradi ukageuka kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha vipuri. Tangu hapo hadithi imejirudia kwa sura nyingine. Mobius, iliyoanza na ndoto ya gari la barabara zetu mbovu, ilitangaza Agosti 2024 kwamba inafunga, kabla ya mnunuzi kujitokeza.

Mjomba huwa na swali moja juu ya Nyayo Car, na mimi sijapata jibu zuri. Kutoka Kamukunji hadi Chuo Kikuu ni nusu saa kwa miguu. Mtu amesimama 1985 katikati ya watu mia kadhaa wanaogeuza pipa kuwa toroli, 1986 anataka gari. Mbona hakurudi?

Najua hoja ya upande wa pili. Nyundo na jicho havitengenezi pistoni. Lakini tazama ni magari gani yaliyobaki. Mkokoteni uliobeba Mende usiku ule ulikuwa na ekseli na magurudumu ya gari lililokufa, kama ilivyo mikokoteni mingi ya mitungi ya maji unayoipisha Kibera. Matatu, ambayo jina lake ni senti thelathini za nauli ya zamani, ilianza na magari yaliyochoka yaliyofungwa viti vya mbao, ikakimbizwa na polisi hadi Kenyatta alipoiruhusu mwaka 1973 kubeba watu bila leseni maalumu. Leo nganya unayoisubiri hapo stage kwa sababu ya sauti na michoro yake ilitoka kiwandani kwao ikiwa kichwa na chesisi ya lori tu. Mwili wote umezaliwa Nairobi. Gari la taifa tumelitafuta kwenye karatasi nyeupe, na wakati huo huo tumekuwa tukipanda matatu kwenda kazini.

Hata gari letu la fahari kuliko yote lilikuwa la mtumba. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshakimbia mwaka uliotangulia mikononi mwa timu ya kiwanda, ikauzwa kwa bei ya kutupa, wakaifumua na kuijenga upya wenyewe. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa Simba wa Kenya. Nikimwambia Mjomba habari hiyo hutabasamu kama aliyeambiwa jambo la ukoo.

Turudi kwenye milango. Paa la Beetle si kofia ya mvua. Linashika mbele na nyuma zisikunjane, na likiondoka kazi yote inaangukia kingo za chini pembeni, zile zinazopitisha hewa moto kwenda kwa abiria. Zetu zilikuwa zimeoza kama biskuti kwenye chai. Karmann wa Ujerumani, waliotengeneza Beetle za wazi tangu 1949, waliziimarisha kingo hizo kabla ya kuondoa paa. Mjomba angefunga kwanza vyuma vya muda kati ya nguzo za milango, halafu akate. Kwenye matatu hakuwahi kukata nguzo bila kufunga. Hapa alikata kwanza.

Ilichukua wiki mbili kuirudisha. Waliweka jeki chini ya uti wa mgongo, wakainua robo mzunguko kwa siku, mlango unajaribiwa, robo tena. Haraka ingepasua kona za kioo. Siku ya sita mlango wa dereva ukafunguka kwa sauti ya kopo la soda, na mama anayekaanga samaki ng'ambo ya mtaro akapiga vigelegele bila hata kujua ni nini kimetokea. Ndipo wakachomelea bomba za mraba za inchi mbili ndani ya kingo zote mbili, na nyingine kukatiza nyuma ya viti.

Kuchomelea Soweto East nako ni siasa. Umeme wenyewe hauna nguvu ya kutosha, na welda ikianza, taa za majirani zinakuwa nyekundu na televisheni zinazimika. Jumamosi na Jumapili za mpira hakuna kazi baada ya saa tisa. Alijaribu mara moja, Arsenal wakiwa wanacheza. Jiwe lilitua kwenye bati.

Mkia wa gari, ule unaoteremka nyuma ya viti kama mgongo wa kiatu, ni pipa la oili. Alilipasua, akalinyoosha, kisha akalikunja upya juu ya gogo la mkaratusi. Ukigonga kwa kidole linalia tofauti na sehemu nyingine. Nilimshauri apake fila nene kuficha mahali bati linapokutana na bodi. Alinitazama tu. Kiungo chake kinaonekana hadi leo, mstari mwembamba kama kovu la upasuaji mzuri.

Nisikudanganye kwa mapenzi. Kuna vitu kwenye kazi ya jua kali vinavyonitisha. Breki za Mende zilijaribiwa kwenye mteremko wenye watoto. Bomba zile za pembeni hazikupigiwa hesabu yoyote zaidi ya "hii itabeba". Tumewahi kuzika watu waliotoka kwenye matatu zilizochanika kama karatasi, na fundi aliyezijenga naye alikuwa na jicho. Mjomba hakatai. Yeye ndiye aliyeniambia kuna bodi alizofunga miaka ya 1990 ambazo akikumbuka hulala vibaya.

Lakini kilichokaribia kuiua Mende kilikuwa nafasi. Septemba 2009, nikiwa na miaka kumi na moja, familia za eneo letu zilihamishiwa nyumba za muda kule Lang'ata ili vibanda vyetu vibomolewe na ghorofa zijengwe. Ulikuwa mradi wa serikali na UN-Habitat, na watu wakazipa nyumba zile jina la Kanaani. Tulipata choo cha ndani. Tulipata bomba. Sitawahi kumruhusu mtu aniambie hilo ni dogo, mamangu alilia. Nyumba 822 za Soweto East zilipokabidhiwa mwaka 2016, tulirudi. Tatizo ni kwamba nyumba ya ghorofa ya nne haina uwanja. Fundi wa bodi huhitaji ardhi ya kulaza gari, kelele za kuvumiliwa, na moshi usio na mwenyewe. Kila ghorofa inayopanda Kibera, kila barabara pana inayopita, inakula viwanja vya namna hiyo kwanza kwa sababu kwenye ramani vinaonekana vitupu. Mjomba amehama mara tatu. Mara ya tatu alihama na Mende ikiwa haina magurudumu ya mbele, ikabebwa mabegani mwa watu kumi kama jeneza la mtu wa heshima.

Ilitembea kwa nguvu zake Agosti 2023, Jumapili alfajiri, kutoka kiwanjani hadi karibu na kituo cha reli na kurudi. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, ambacho kilikuwa ndoo. Baridi ilikuwa ile ya Agosti inayouma masikio. Waliokuwa wakienda kanisani mapema walisimama kando, na mzee mmoja Mnubi mwenye kanzu akauliza kama ni gari la harusi. Hatukutoka kwenda barabara kuu. Hatuwezi.

Kwa sababu sheria inaijua Mende kama saluni ya Volkswagen ya milango miwili, na sasa si saluni tena. Bodi ikibadilishwa lazima gari likaguliwe na logibuku irekebishwe. Hilo ni haki. Mimi pia nataka mtu mwingine mwenye vipimo azikague zile breki. Mjomba ameshaweka indiketa na taa za nyuma za bodaboda, ameshafunga mikanda. Fomu nilimjazia mimi. Nilipofika kwenye kisanduku cha mtengenezaji, nikaandika Volkswagen. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ina grisi, hataki kugusa karatasi.

"Hapo hakuna mstari wa pili?"

"Hakuna, Mjomba."

Hakusema neno. Akarudi kwenye gari, akalala chali kwenye boksi, akaingia chini. Nilisikia nyundo ndogo, taratibu, herufi baada ya herufi. Nilipoinama na tochi ya simu nikaona anagonga majina kwa ncha ya patasi kwenye ile bomba ya mraba, upande wa chini: lake, ya wale vijana wanne, la yule wa mkokoteni, na langu, ambalo sikulistahili, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Ukaguzi bado. Kuna siku ya miadi, kuna pesa inayochangwa. Juzi alinituma Ngong Road nikaulize kiingilio cha Septemba. Nilimtajia bei ya tikiti, akatikisa kichwa.

"Si ya mtu," akasema. "Ya gari."